Krismasi na majirani hapa Arusha: tarehe, chakula na Neno

Kutoka: Mgeni wa Sakina

Wakenya wenzangu wa Arusha na Moshi, mko salama? Sisi tulihamia hapa kutoka Nakuru kwa ajili ya kazi ya mume wangu, na mwaka huu hatuvuki mpaka wa Namanga kurudi nyumbani. Tungependa kuwaalika majirani nyumbani, familia kama kumi hivi, tule pamoja na tuwasomee habari za kuzaliwa kwa Yesu. Nyumbani tulikuwa tunafanya hivyo tarehe 25 mchana, tukipika chapati na kuku. Hapa nahitaji kibali? Jirani zangu wawili ni Waislamu: nikiwaalika nitawaudhi, na nisipowaalika je? Mwenye uzoefu anisaidie.

Kutoka: Mama wa Njiro

Dada, karibu Arusha. Nianze na tarehe, maana hapo ndipo wageni wanapokwama. Hiyo 25 isahau. Ikifika tarehe 20 mji unaanza kupungua watu. Wachaga wanapanda mlimani kwao, Rombo, Marangu, Machame, Kibosho. Wameru wa hapa Arusha wanarudi Akeri na Poli. Waliobaki wanashinda kanisani na kwa ndugu zao, na wewe utabaki na sufuria la pilau, mume wako na mlinzi. Chukua Jumapili ya pili au ya tatu ya Majilio, yaani majuma ya kungojea Krismasi, saa tisa na nusu alasiri. Saa saba ni mapema mno. Walutheri wakitoka ibadani kuna mnada nje ya kanisa, watu wanapandishiana bei ya jogoo na mkungu wa ndizi, na mtu aliyekwisha kutaja bei haondoki hivi hivi. Jumamosi nayo iache ikiwa mtaani kwako kuna Wasabato.

Kuhusu kibali, chakula ndani ya geti lako ni jambo la nyumbani. Lakini nenda wewe mwenyewe, kwa miguu, ukamwambie balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa mtaa. Usitume ujumbe wa simu. Ukienda utakunywa chai, utaulizwa unatoka wapi, na siku yenyewe nao watakuja na wake zao. Katiba ya Tanzania, ibara ya 19, inaiacha kazi ya kutangaza dini iwe huru na hiari ya mtu, kwa hiyo usiwe na hofu ya kusoma Biblia sebuleni kwako. Ukifunga spika kubwa nje ndipo unapogeuza mambo: huo tayari ni mkutano wa injili, una taratibu zake, na mgeni mwenye kibali cha ukaazi cha kazi hana sababu ya kujitafutia maswali. Gitaa moja linatosha.

Sasa hapa nitasema zaidi kidogo, nivumilie. Wengi wetu tukija huku tunawaona majirani kama watu ambao hawajasikia. Dada, wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893. Wakatoliki walikuwa wameshaingia Kilema. Akeri, hapo Meru, wamisionari wawili wa Kilutheri waliuawa mwaka 1896, na leo Wameru wanajaza makanisa kila Jumapili. Yule mama wa geti la kijani unayemwalika pengine ni mzee wa kanisa, na ukoo wake ni wa Kikristo tangu enzi za bibi yake. Ukimweleza Krismasi kama habari mpya atakusikiliza kwa adabu, atakula, na mwakani atakuwa na udhuru. Kwa hiyo usimhubirie. Mwombe yeye asome. Luka sura ya 2, mstari wa kwanza hadi wa 20, dakika chache tu. Mwingine aeleze jinsi Mungu alivyomvusha mwaka huu, mwingine aombe, basi, watu wale. Nimeona watu wanaokaa kanisani miaka yote bila kufungua kinywa wakisema mambo mazito wakiwa wamekalia kiti cha plastiki kwenye uwanja wa jirani.

Mwaliko useme wazi. "Karibuni tule, na kabla ya chakula tutasoma Neno la Krismasi na kuomba." Hilo ndilo jibu langu kuhusu Waislamu pia. Waalike, waambie kuna nini na saa ngapi, wachague wenyewe. Wengine watakuja mwanzo na kukaa kimya kwa heshima, wengine watakuja baada ya sala ya alasiri wakati sahani zinatolewa, na hakuna aliyekosea. Kinachoudhi ni kumwita mtu kwenye pilau kisha kumfungia mlango na mahubiri. Idi ikifika watakuletea sahani yako, nawe uende.

Chakula: mbuzi achinjwe na Mwislamu. Ikiwezekana mwombe huyo jirani yako mwenyewe, ni heshima kwake. Kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, isikaribie hata sufuria za kukodi, na kwa hiyo unawahudumia Wasabato pia bila kutangaza. Wasabato wengine hawanywi chai ya majani, chemsha mchaichai pembeni. Pilau, ndizi za nyama, kachumbari, chapati zako, soda. Ndizi nunua soko la Kilombero asubuhi. Pombe usiweke. Wanaoitaka wanajua pa kwenda baadaye, na walokole hawatakaa meza moja nayo.

Usifungue kundi la WhatsApp la michango, tafadhali. Desemba watu wamechoshwa na kadi za harusi na sherehe za kipaimara, na Januari kuna ada. Pika unachoweza.

Na dada wako wa kazi akae, ale, asikilize. Pika jana yake, au mlipe mtu wa kugawa chakula. Inaniudhi kuona nyumba inazungumzia mtoto aliyelazwa horini huku msichana wa watu amesimama jikoni tangu alfajiri na mlinzi anapelekewa makombo getini. Wageni wanaona, hata wasiposema.

Kutoka: Baba wa Rau, Moshi

Shikamoo Mama wa Njiro. Nakubaliana na mengi, ila kwa sisi wa Moshi tarehe zinageuka. Hapa ndipo watu wanapofika. Kuanzia tarehe 22 barabara ya kutoka Dar es Salaam imejaa, na kule juu kila boma lina gari uwanjani. Wewe huwaaliki, wewe ndiye unayealikwa. Tarehe 25 na 26 utaitwa kwenye boma tatu kwa siku. Anayetaka kukaribisha watu kwake Moshi afanye tarehe 27 au 28, kabla hawajaanza safari ya kurudi.

Ukienda huko juu utawekewa mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Kama hunywi, pokea kata kwa mikono miwili, shukuru, mpe aliye karibu nawe. Usianze hotuba. Ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, ikiletwa, subiri wazee. Kisusio, yaani supu ya damu, nyumbani kwako usikipike siku yenye mchanganyiko: Mwislamu hawezi, Msabato hawezi, na walokole wengi wanakikataa kwa sababu ya damu.

Pale ninapotofautiana na mama ni hapa. Anasema acha majirani wasome wenyewe. Vizuri, lakini mgeni asiyejulikana akikusanya watu wanaoomba sebuleni, wiki ijayo mtaa utasema anaanzisha kanisa. Hilo nimelishuhudia, na likishasemwa kulifuta ni kazi. Wewe unasali wapi? Mwambie mchungaji wako, au mwenyekiti wa jumuiya. Kama jumuiya ya Wakatoliki inakutana nyumba ya pili, mjulishe na mwenyekiti wake pia, uende na salamu yao: "Tumsifu Yesu Kristo." Mwalike mzee mmoja wa mtaa afunge kwa sala. Akifunga yeye, hakuna atakayesema umekuja kuvuna kondoo wa watu. Na usiandike namba za simu za wageni kwenye daftari. Mwenye swali atarudi mwenyewe jioni fulani.

Kutoka: Mama wa Njiro

Marahaba, baba. Kwenye kanisa la sebuleni uko sahihi, nakupa. Mchungaji ajulishwe. Ila asipewe nafasi ya kuhubiri. Mchungaji akisimama, majirani wote wanakuwa waumini wake na wanafunga vinywa.

Kutoka: Mgeni wa Sakina

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mawili ya mwisho. Tuna watoto wengi mtaani, wafanye nini wakati wa Neno? Na mvua?

Kutoka: Mama wa Njiro

Watoto ndio wachungaji wako wa kondeni. Wape mashuka ya Kimasai na fimbo, wengi wamejifunza mistari ya Krismasi shule ya Jumapili, waache waiseme hata wakisahau. Mama zao hawatakosa kuja kuwaona. Kwa watoto wa Kiislamu, waulize wazazi wao kwanza, wasivalishwe tu.

Mvua za vuli zinaweza kukukuta hata katikati ya Desemba, kwa hiyo kodi turubai pamoja na viti. Lipa nusu, nusu nyingine baada ya kufungwa, na uhesabu viti na aliyevileta kabla hajaondoka. Agiza wiki mbili mapema. Jumapili za Desemba kuna harusi kila kona, ukichelewa utaletewa lililotoboka.