Naomba ushauri: kupiga picha za wadudu wadogo, nipo Tukuyu

Habari zenu wakuu. Nina kamera ya Canon 2000D na lenzi yake ya 18-55. Nataka kupiga picha za karibu za wadudu wa kwenye chai na migomba huku kwetu, na maua ya hifadhi ya Kitulo yakichanua wakati wa mvua.

Shida ni kwamba lenzi hii haishiki fokasi chini ya sentimita 25 hivi, kwa hiyo siafu anabaki kama nukta. Nikikata picha, inaharibika. Nimejaribu kuigeuza lenzi na kuishikilia kwa mkono mbele ya kamera. Mdudu anakuwa mkubwa kweli (jicho la nzi nililiona!), ila kinachotoka safi ni jicho tu, mwili wote ukungu. Na lenzi ikiwa imegeuzwa siwezi kubana tundu lake la kupitisha mwanga ili sehemu kubwa zaidi ya mdudu itoke safi, maana kamera ndiyo inayoliendesha kwa umeme. Tripodi ninayo, lakini upepo wa huku hauheshimu tripodi.

Sasa naomba mnisaidie mawili. Ninunue lenzi ya 50mm f/1.8 pamoja na vile vipete vya kukaa katikati ya lenzi na kamera ili isogelee karibu zaidi, vyenye pini za umeme, au nivumilie nidunduize hela ya lenzi ya makro (maalumu kwa picha za karibu) ya 100mm? Na nikibana tundu hadi f/11, flashi ya juu ya kamera yenyewe, nikiikinga na karatasi nyeupe, itatosha siku za ukungu, au lazima ya pembeni?

Mwenye uzoefu wa vipete vya bei nafuu aniambie ukweli, hasa kama vinalegea. Natanguliza shukrani.