Nimeuziwa takataka kwa jina la kifusi, na sakafu ya nyumba yangu imetitia

Ndugu wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, na ninaamini wengi mnaojenga pembezoni mwa Dar es Salaam mtaielewa.

Kiwanja changu kiko Chanika, upande wa bondeni, hivyo ilinilazimu kuinua sakafu kwa sentimita 60 kabla ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Eneo la ndani ya msingi lina mita za mraba 99, maana yake nilihitaji takriban mita za ujazo 60 za kifusi kilichokwisha kushindiliwa. Muuzaji aliniambia kwamba gari lake linabeba mita za ujazo 8, nami nikalipa tripu kumi nikijua kwamba 80 zitatosha, kwa sababu udongo uliochimbuliwa hulegea na ukishindiliwa hupungua, mara nyingi kwa kadiri ya moja ya tano.

Tripu kumi zilipomwagwa zilijaa barabara hadi usawa wa msingi, bila kubaki hata toroli moja, nami nikafurahi. Ningetulia nikapiga hesabu, ningegundua wizi siku ileile. Miezi kadhaa baadaye nililikuta gari lilelile likishusha mzigo kwa jirani, nikalipima kwa futi kamba: urefu mita 4, upana mita 2, kina sentimita 75. Hizo ni mita za ujazo 6, si 8. Kwa hiyo niliuziwa 60 kwa bei ya 80, na kama 60 za udongo uliolegea zilijaza nafasi ya 60, basi hakuna kilichoshindiliwa. Fundi niliyemlipa fedha ya kukodi mashine ya kushindilia, aweke tabaka za sentimita 15, amwagilie maji kiasi na kushindilia kila tabaka kabla ya kuweka inayofuata, alisawazisha kwa koleo na kuondoka.

Jamvi lilimwagwa Februari. Masika yakaja, yakapita, na mwezi Juni kona ya chumba cha watoto ikawa imeshuka kwa sentimita 4, huku ufa ukitoka mlangoni hadi dirishani. Ukigonga sakafu pale kwa kisigino unasikia mlio wa kitu kitupu. Nilivunja kipande cha zege na mkono wangu ukaingia chini yake hadi kwenye kiwiko.

Nilichokikuta humo ndicho kilichonifanya nianzishe uzi huu. Juu kulikuwa na udongo mwekundu mzuri, kama kiganja kimoja, ule niliouona garini na kuukubali. Chini yake ulikuwa udongo mweusi wa mfinyanzi, ule ambao mvua ikinyesha huvimba na kiangazi kikija hupasuka nyufa za kuingiza vidole, ukiwa umechanganyika na mashina ya migomba yaliyooza, mifuko ya plastiki na nepi za watoto. Mashina yakioza huacha mapango, mabaki ya miti huita mchwa, na zege likibaki juu ya pango ni rahisi kuvunjika. Udongo mweusi una mahali pake, na mke wangu angeupokea kwa mikono miwili kwenye bustani yake ya mchicha, lakini si chini ya jamvi.

Nilipompigia muuzaji simu alinijibu, "Kaka, mimi nauza kifusi, siuzi nyumba." Fundi naye akaniambia kwamba kila nyumba mpya hukaa kidogo, nisiwe na wasiwasi. Wote wawili walichukua fedha niliyoidunduliza kwa miaka sita.

Nawasihi mnaojaza misingi sasa: lipimeni gari kabla halijashusha, mkatae kulipa kabla mzigo haujamwagwa wote chini mkauona, kwa maana udongo wa juu garini huwekwa ili uonekane. Chukueni konzi ya udongo wa katikati, mtie kwenye chupa ya maji, mtikise na kuiacha itulie hadi kesho yake: mchanga hutua kwanza, mfinyanzi hukaa juu yake, na mabaki ya majani na mizizi huelea. Udongo ukilowa na kuviringika mkononi kama uzi mrefu usiokatika, rudisheni gari. Na siku ya kushindilia mwenye nyumba awepo mwenyewe, kwa sababu jamvi likishamwagwa hakuna atakayeona kilichofukiwa.

Muuzaji huyu bado anapeleka magari Chanika kila siku. Ninachomdai ni bei ya mita za ujazo 20 ambazo hakunipa, pamoja na gharama ya kuondoa uchafu alionimwagia. Jumatatu fundi mwingine anaanza kuvunja sebule, na picha za kila tabaka tutakayoifukua nitaziweka hapa.