Mpishi mkuu wa koleji, Cambridge au Oxford miaka ya 1600: alioa? Aliishi wapi?

Msimulizi_Redio

Wakuu, salaam. Naandika mchezo wa redio wa vipindi sita. Mhusika mkuu ni mpishi wa koleji moja ya Cambridge, kati ya 1600 na 1640 hivi. Maswali yangu: alilala humohumo kolejini na familia yake, au nje? Mshahara ulitosha kulea watoto? Watoto wenyewe wangeweza kusoma pale pale baba anapopika? Na asubuhi yake jikoni ilikwendaje?

Kwa sasa nimempa viazi, karafuu za Unguja, na mke anayemsaidia kupakua chakula ukumbini. Kama kuna uongo humo niambieni kabla hatujarekodi.

Jalada_Kuukuu

Mke mtoe ukumbini leo hii. Koleji zilikuwa nyumba za wanaume watupu. Sheria zao nyingi zilikataza wanawake kuhudumu ndani. Aliyevumiliwa ni dobi wa kike, na penginepo ilitakiwa awe mtu mzima ambaye hawezi kuzusha maneno. Mwaka 1561 Malkia Elizabeth I aliamuru kwamba wake wasikae ndani ya koleji, hata wake wa wakuu wa koleji wenyewe. Wakuu walilegeza amri hiyo kadiri miaka ilivyokwenda. Wanazuoni wa kawaida hawakupata nafuu: anayeoa anapoteza nafasi yake, na hali hiyo ilidumu mpaka karne ya 19.

Mpishi hakubanwa na hilo. Yeye ni mtumishi, anaoa kama mtu yeyote mjini. Kwa hiyo kila siku anawapikia makapera wasomi, halafu jioni anarudi kwa mke na watoto mtaa wa pili. Ukiitumia vizuri hiyo, hutahitaji kutafuta vichekesho kwingine.

Nyumba yenyewe mara nyingi ilikuwa mali ya koleji. Tangu 1572 sheria iliruhusu koleji kupangisha nyumba za mjini kwa mkataba usiozidi miaka 40. Kodi ya mwaka ilikuwa ndogo, ila kila mkataba ukihuishwa mpangaji alilipa kitita cha mara moja. Hapo ndipo palipouma. Mkataba ukiwa haujaisha, ulirithiwa kama mali nyingine, na mjane angeweza kuendelea kuishi humo.

Jambo jingine watu hulisahau: mpishi alikuwa mtu wa chuo kikuu, si wa manispaa. Kesi zake zilikwenda mahakama ya chuo. Wapishi, vinyozi, wafunga vitabu, wote walikuwa chini ya kinga hiyo. Wenyeji wa mji walilalamika sana, hasa pale mtumishi wa chuo alipofungua biashara pembeni huku akikwepa ushuru wa mji.

Moto_wa_Kuni

Nijibu ya jikoni. Viazi toa, havikuwa chakula cha kawaida Uingereza wakati huo. Karafuu zilikuwepo, ila zilitoka visiwa vya Maluku, Indonesia ya leo. Mikarafuu ilifika Unguja karne ya 19, miaka 200 nyuma ya mhusika wako. Na chai ilianza kunywewa Uingereza miaka ya 1650, kwa hiyo asubuhi ni bia nyepesi na mkate.

Sasa saa. Mwandishi Mwingereza William Harrison aliandika mwaka 1577 kwamba waungwana na wanafunzi walikula mlo mkuu saa tano asubuhi, na cha jioni saa kumi na moja. Fanya hesabu kurudi nyuma. Pande la ng'ombe la ratili 20 huhitaji takribani robo saa kwa kila ratili, yaani muda wa saa tano nzima motoni. Kwa hiyo nyama inaanza kuzunguka saa kumi na mbili asubuhi, na moto umewashwa angalau saa nzima kabla, ili kuni ziwe zimeshika. Kijana wa jikoni akichelewa kuamka, ukumbi mzima unasubiri.

Kosa ambalo waigizaji hulifanya: wanadhani nyama ilikaa juu ya moto kama mishikaki yetu. Hapana. Ilizungushwa kwenye chuma kirefu MBELE ya moto, na chini yake sinia la kukingia mafuta. Ukiiweka juu, mafuta yanadondokea makaa, yanawaka, nyama inashika moshi na masizi, na mafuta yamepotea. Mafuta hayo yalikuwa pesa. Bi Mirathi akipita hapa atakueleza.

Mzungushaji alikuwa kijana, baadaye mbwa ndani ya gurudumu, au mashine inayoendeshwa na jiwe linaloshuka taratibu kama kwenye saa ya ukutani. Kwa redio hiyo mashine ni nzuri: inalia kwa mlio mmoja, halafu jiwe likigusa chini kimya kinaingia na mpishi anafoka.

Ijumaa, Jumamosi na Kwaresima yote ni samaki. Mwaka 1563 serikali iliongeza Jumatano, kwa faini ya pauni 3 au kifungo cha miezi 3, ili wavuvi na mabaharia wapate riziki. Sheria ile ile iliahidi adhabu kwa atakayehubiri kwamba siku hiyo ya samaki ni ya wokovu wa roho! Jumatano ilifutwa 1585, kwa hiyo kwenye mchezo wako haipo tena.

Samaki mkavu wa kaskazini ni mgumu kama kuni. Anapigwa kwa nyundo ya mti muda mrefu, hata saa nzima, ndipo analowekwa. Wa chumvi analowekwa usiku kucha na maji yanabadilishwa. Ukiacha kubadilisha maji, chumvi iliyotoka inabaki humohumo na samaki anabaki na chumvi kali. Akiba kubwa ilinunuliwa Septemba kwenye gulio la Stourbridge, nje kidogo ya mji wa Cambridge.

Bi_Mirathi

Nimeitwa, nimefika. Moto_wa_Kuni kasema kweli kuhusu mafuta.

Mwanangu Msimulizi, usimjengee mpishi wako maisha juu ya mshahara. Viwango viliandikwa kwenye sheria za koleji wakati wa kuasisiwa, bei za vyakula zikapanda karne nzima, viwango vikabaki pale pale. Mshahara ulilipwa kwa robo mwaka: 25 Machi, 24 Juni, 29 Septemba, 25 Desemba. Familia ilikula kwa marupurupu. Mafuta ya jikoni yaliuzwa kwa watengeneza mishumaa. Ngozi za sungura, manyoya ya bata bukini, vyote vilikuwa na mnunuzi. Hapo ndipo ugomvi na mnunuzi wa koleji, yule anayeinunulia vyakula, unapozuka, kwa sababu mpishi anayependa mafuta huchagua nyama yenye mafuta, na koleji ndiyo inayolipa.

Chanzo cha pili ni vyakula vya ziada. Kila mwanafunzi ana posho yake ya kila siku, na posho ilikuwa nyembamba. Thomas Lever, akihubiri London mwaka 1550, alisema maskini wa Cambridge waligawana watu wanne kipande cha nyama cha peni moja, na mchuzi wake uliotiwa chumvi na unga wa oti, basi. Anayetaka zaidi anaagiza jikoni na kuandikiwa. Mtoto wa tajiri anaagiza pai chumbani kwake wiki nzima, halafu anaondoka mjini bila kuaga. Dawa yake ni mkufunzi, kwani ndiye aliyeshika fedha za mwanafunzi. Mpishi mwenye akili anabisha mlango wa mkufunzi kabla muhula haujaisha.

Ukitaka kujua alichoacha, tafuta orodha ya mali ya marehemu. Majirani waliingia chumba kwa chumba wakitaja bei: vitanda na mashuka, sahani za bati, vyungu vya shaba kwa uzito. Mwishoni yanakuja madeni kwa mafungu mawili, yanayotarajiwa na yaliyokatiwa tamaa. Ya wanafunzi, kisia mwenyewe yaliandikwa fungu lipi.

Watoto: ndiyo, kijana angeweza kusoma. Angeingia daraja la chini kabisa la wanafunzi, wanaolipia kidogo na kuhudumia mezani. Daraja hilo lilimpokea hata Isaac Newton, Trinity, mwaka 1661. Koleji ya Gonville and Caius iliandika habari za baba wa kila anayeingia kuanzia 1560, na St John's kuanzia mwanzoni mwa 1630, kwa hiyo baba mpishi anaweza kuonekana kwa jina. Kijana asiyetaka vitabu alibaki jikoni na baba, na kazi mara nyingi iliendelea ndani ya ukoo. Binti aliolewa na watu wa biashara hizo hizo: waoka mikate, wapika bia.

Msimulizi_Redio

Shikamoo Bi Mirathi, na wengine wote asanteni. Viazi vimetoka, mke katoka ukumbini. Swali la mwisho: nina mpishi wa kweli kwenye rejesta ya parokia. Mke kazikwa Novemba 1630, na yeye kaoa tena Februari 1630. Karani alilewa?

Bi_Mirathi

Marahaba. Hakulewa. Mwaka wao ulianza 25 Machi, na ulikwenda hivyo mpaka 1752. Februari "1630" inakuja baada ya Novemba 1630. Kwetu ni Februari 1631. Kaoa baada ya miezi mitatu. Halafu angalia na maziko ya watoto kuanzia majira ya kuchipua 1630, maana mwaka huo tauni iliingia Cambridge, wanafunzi wakatawanyika, na jikoni hakukuwa na wa kumwagiza pai.

Jalada_Kuukuu

Nyongeza ndogo. Kama alifariki kati ya 1653 na 1660, usihangaike na mahakama ya chuo. Miaka hiyo wosia zote zilithibitishwa London, na nakala ziko Kew, kwenye Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, fungu la PROB 11. Huko nyuma ya hapo, tafuta kwa Kilatini: mpishi ni *coquus*, msaidizi wake *subcoquus*. Ukiona *promus*, huyo ni wa stoo ya bia na mkate, mtu mwingine kabisa.