Moyo wasukuma damu vizuri, lakini NT-proBNP imepanda: maana yake ni nini?

Muulizaji
Salaam kwenu nyote. Baba yangu ana umri wa miaka 67, ametumia dawa za shinikizo la damu kwa muda mrefu, na siku hizi huhema akipanda ngazi. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, kimeonyesha kuwa kila pigo husukuma asilimia 55 ya damu iliyomo katika ventrikali ya kushoto (chumba cha chini kinachosukuma damu mwilini), na tukaambiwa ni kawaida. Hata hivyo, NT-proBNP (kipimo cha damu kinachoonyesha moyo ulivyoelemewa) ni pikogramu 480 kwa mililita, atiria ya kushoto (chumba cha juu kinachopokea damu) imetanuka, na kwenye ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, muda wa PR (muda wa umeme kutoka atiria hadi ventrikali) ni milisekunde 220. Inawezekanaje moyo usukume vizuri huku damu ikitoa tahadhari?

Daktari wa magonjwa ya ndani
Pole kwa wasiwasi, ndugu yangu. Hiyo asilimia 55 hueleza jinsi moyo unavyojikaza, wala haisemi lolote kuhusu jinsi unavyolegea ili kupokea damu. Moyo uliopambana na shinikizo kubwa kwa miaka mingi huweza kukakamaa, na ukikakamaa damu huingia kwa taabu, presha hupanda nyuma yake, atiria ya kushoto hutanuka taratibu, na ventrikali iliyoelemewa hutoa homoni ambayo kipande chake kimojawapo ndicho hiyo NT-proBNP. Kwa mtu asiye katika hali ya dharura, kiwango kisichofika 125 huufanya ugonjwa wa moyo kushindwa kuwa jambo la mbali; kikizidi hapo, sababu hutafutwa. Nasema hutafutwa kwa makusudi, kwa kuwa umri mkubwa na figo dhaifu hukipandisha pia, ilhali unene hukishusha na kuweza kumpa mgonjwa faraja isiyo ya kweli. Je, figo zake zimepimwa?

Kuhusu mapigo, atiria iliyotanuka pamoja na PR inayozidi milisekunde 200 huongeza uwezekano wa fibrilesheni ya atiria, yaani chumba hicho kutetemeka ovyo badala ya kupiga kwa mpangilio. ECG ya kawaida hunasa sekunde 10 tu, kwa hiyo mapigo yanayovurugika na kutulia huipita bila kuonekana. Ningeomba avalishwe kifaa cha Holter, kinachorekodi mapigo mfululizo, kwa saa 24 au zaidi, kwa sababu fibrilesheni hiyo ikigunduliwa huenda akahitaji dawa za kuzuia damu kuganda, ili kumkinga na kiharusi.

Muuguzi wa kliniki ya moyo
Naongezea jambo ambalo nimeliona likisahaulika. Iwapo mzee anatumia dawa za kupunguza maji mwilini, potasiamu yake ipimwe, kwa maana ikishuka huweza kurefusha muda wa QT kwenye ECG, yaani muda ambao ventrikali hutumia kujikaza na kujiandaa kwa pigo linalofuata. Akiandikiwa pia erithromaisini, ambayo ni antibiotiki, hatari huongezeka. QT iliyorekebishwa kulingana na kasi ya mapigo ikivuka milisekunde 500, mapigo ya ghafla yenye kuhatarisha maisha huweza kuzuka. Na akizimia hata mara moja, apelekwe hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri tarehe ya kliniki.

Muulizaji
Nawashukuru sana. Figo hazijapimwa tangu mwaka jana, na dawa ya kupunguza maji anaitumia kila asubuhi. Nitaomba kreatinini (kipimo cha figo), potasiamu na Holter kwa pamoja, kisha nitaleta majibu hapa.