Nimeombwa kumwandikia mzee kitabu cha maisha yake, nimtoze kiasi gani?

Binti Dodoma (mleta mada):
Habari zenu wakuu. Miaka mitatu sasa naandika makala na risala za watu, ila kitabu sijawahi. Kuna mzee mstaafu, baba wa rafiki yangu, anataka nimwandikie historia ya maisha yake. Yeye asimulie, mimi nirekodi na kuandika, jina langu lisitokee popote. Anataka kurasa 200. Ana laki nane, na kitabu kikiuzika atanikumbuka. Ni mzee ninayemheshimu, nimeshindwa kumjibu. Najipunja?

Kalamu Risasi:
Unajipunja sana, dada. Tupige hesabu. Kurasa 200 ni kama maneno 50,000. Tuseme vikao 12 vya saa mbili mbili, na kila kikao siku yako imekwisha. Saa moja ya rekodi inakula saa nne kuichapa, tena sauti ikiwa safi. Hapo ni saa 96, yaani siku 12 nyingine. Ukiandika maneno 1,000 yaliyonyooka kwa siku, siku 50. Marekebisho siku 10. Jumla siku 84 za kazi, miezi minne. Laki nane gawanya kwa 84, unapata kama 9,500 kwa siku, nauli humo humo. Je, kwa mwezi unaishi kwa shilingi ngapi? Kama ni laki sita, sakafu yako ni milioni 2.4, na hapo hujaweka faida.

Mtu wa Pwani:
Mimi ningechukua. Kitabu cha kwanza ni cha kutafutia jina, bei itapanda baadaye.

Mama Wawili:
Mkuu wa Pwani, jina lipi? Ameambiwa lisitokee popote. Makala yenye jina lako unaweza kumwonyesha mteja mwingine, hiki hawezi hata kusema ni chake. Ndiyo maana uandishi kivuli, yaani kumwandikia mtu bila jina lako kutokea, hulipwa zaidi: fedha ndiyo malipo pekee. Nililijua hilo kwa uchungu. Niliandika kitabu cha mtu kwa ahadi ya kugawana mauzo, nakala zikaishia kugawiwa wageni siku ya uzinduzi. Sikupata kitu.

Binti, usikubali mgao badala ya ada. Omba theluthi kabla ya kikao cha kwanza, theluthi rasimu ikikamilika, iliyobaki kabla hujakabidhi faili la mwisho. Mwandikiane: marekebisho mara mbili, ya tatu yanalipiwa. Watoto wake wakisoma rasimu kila mmoja atataka lake, na hapo ndipo kazi isiyo na mwisho inapoanzia.

Kalamu Risasi:
Naongezea. Akilipa kupitia kampuni yake, itakatwa 5% ya malipo yako kama kodi ya zuio, yaani kodi inayokatwa kabla hujalipwa. Iweke kwenye hesabu mapema.

Binti Dodoma:
Asanteni sana. Nimekwenda kwa mzee jana na hesabu ya siku kwenye karatasi. Aliisoma kimya, akaniambia hakujua kuchapa rekodi kunachukua muda wote huo. Milioni 2.4 hana. Tumekubaliana kurasa 80, za miaka yake ya ualimu tu, kwa milioni moja, theluthi ameshanitumia. Kikao cha kwanza Jumamosi. Mama Wawili, una mfano wa mkataba wa kurasa mbili tatu unaoweza kunisaidia?

Mama Wawili:
Ninao. Nitatoa majina ya watu kwanza, kisha nakutumia inbox usiku.