Skrini ya bluu inayotokea bila mpangilio: je, nifute mfumo mzima?

Swali, kutoka kwa kalamu_ya_usiku

Ndugu wataalamu, nawasalimu. Kompyuta yangu mpakato inayotumia Windows imekuwa ikikatika ghafla kwa skrini ya bluu kwa wiki kadhaa sasa, na kinachonitatiza zaidi ni kwamba sioni mpangilio wowote. Mara hutokea ninapoandika waraka mwepesi, mara ninapotazama video, na mara nyingine nikiwa nimeiacha mezani bila kuigusa. Msimbo wa hitilafu nao haufanani: nimeshaona MEMORY_MANAGEMENT, IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL na PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA. Kompyuta haipati joto la kupita kiasi, feni inazunguka vizuri, na masasisho yote ya mfumo yamewekwa. Mabadiliko ninayoyakumbuka ni mawili tu: miezi michache iliyopita niliongeza kipande cha pili cha RAM (kumbukumbu ya muda inayoshika data wakati kompyuta inafanya kazi), na karibu na wakati huohuo nikaweka programu mpya ya kuzuia virusi. Nimeshauriwa nifute kila kitu na kuweka Windows upya, lakini humo ndani mna kazi zangu zote za masomo, hivyo ningependa kujua kama chanzo kinaweza kubainika kabla ya kufikia hatua hiyo.

Jibu, kutoka kwa fundi_mtulivu

Ndugu, tafadhali usifute chochote kwa sasa. Kuweka mfumo upya huondoa ushahidi wote uliokwisha kukusanyika, na ikiwa ubovu uko kwenye kifaa chenyewe, skrini hiyo itarudi hata baada ya kazi yote ya kuandaa mfumo mpya.

Kutofanana kwa misimbo, ambako wewe unakuona kama fumbo, mimi nakuona kama dalili muhimu kuliko zote ulizozitaja. Draiva moja yenye kasoro, yaani programu ndogo ambayo kwa kawaida huiwezesha Windows kuendesha kifaa fulani, mara nyingi huanguka mahali palepale, kwa hiyo msimbo na jina la faili hujirudia. RAM mbovu haiko hivyo: eneo lake lililoharibika leo linaweza kuwa limeshika data ya kadi ya picha, kesho data ya diski, keshokutwa data ya kiini cha mfumo (sehemu yake ya ndani kabisa), na kila mara anayeanguka ndiye anayeonekana kuwa na hatia.

Anza kwa kufungua folda C:\Windows\Minidump, ambamo Windows huhifadhi faili ndogo ya kumbukumbu kila inapoanguka. Faili hizo husomwa kwa WinDbg, programu ya bure ya Microsoft, kwa kuandika amri !analyze -v. Ukiona ntoskrnl.exe imetajwa, usiihukumu haraka. Hicho ni kiini cha Windows, na mara nyingi ndicho kinachogundua uharibifu uliofanywa na mwingine. Vivyo hivyo, tukio namba 41 la Kernel-Power katika orodha ya matukio linaeleza tu kwamba kompyuta iliwaka tena bila kuzimwa ipasavyo, wala halitaji sababu. Ikiwa folda ni tupu, hakikisha kwamba faili ya kurasa (sehemu ya diski inayotumika kama nyongeza ya RAM) haijazimwa kwenye diski ya mfumo, kwa kuwa Windows huitegemea kuandika kumbukumbu hizo.

Baada ya hapo, pima RAM. Windows ina kipimo chake, kinachoitwa kwa amri mdsched, lakini mimi naamini zaidi MemTest86, ambayo huwashwa kutoka kwenye flashi kabla Windows haijapakiwa. Faida yake ni kwamba kosa lolote litakaloonekana hapo haliwezi kulaumiwa kwa Windows, wala kwa draiva zake, wala kwa programu uliyoiweka, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachofanya kazi wakati huo. Iache ikamilishe mizunguko yake yote minne, hata kama itachukua usiku kucha. Matokeo yanayokubalika ni sifuri. Kosa moja tu linatosha kukifanya kipande kisiaminike. Makosa yakijitokeza, pima kila kipande peke yake katika tundu lilelile, kisha kihamishie tundu la pili, ili ujue kama mbovu ni kipande au ni tundu.

Kabla ya kufungua mfuniko, zima kompyuta kabisa, chomoa chaja na utenganishe betri. Na kama diski yako imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayosimba data ya diski, nakili mahali pengine ufunguo wake wa kurejesha wenye tarakimu 48, kwa kuwa mabadiliko ya vifaa au ya mipangilio ya BIOS (programu ya awali inayoiwasha kompyuta) yanaweza kuifanya kompyuta iudai kabla ya kuwaka.

Jibu, kutoka kwa mchunguzi_wa_draiva

Nakubaliana na aliyenitangulia kuhusu RAM, lakini nisingependa programu ya kuzuia virusi isahaulike. Programu za aina hiyo huweka draiva zinazofanya kazi ndani ya kiini cha mfumo, na kosa likitokea huko, Windows haina njia ya kuifunga programu hiyo peke yake, husimama yote. Tarehe 19 Julai 2024 dunia nzima ililiona jambo hili, pale sasisho lenye kasoro la programu ya usalama ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zinazokadiriwa na Microsoft kuwa milioni 8.5. Hazikuwa na RAM mbovu. Kwa hiyo iondoe programu hiyo kwa muda, ukiacha kinga ya Windows yenyewe ifanye kazi, kisha uangalie kama hali itabadilika. Nasisitiza tu kwamba usiiondoe siku ileile unayotoa kipande cha RAM, kwani tatizo likikoma hutajua ni hatua ipi iliyolikomesha.

Utakutana pia na watu watakaokushauri uwashe Driver Verifier. Ni chombo chenye nguvu, ila kazi yake ni kuzibana draiva mpaka ile yenye kasoro iangushe mfumo, na kompyuta inaweza kushindwa kuwaka kabisa. Kiache mpaka RAM iwe imethibitishwa kuwa nzima, na ukikitumia, ujue mapema namna ya kuingia katika hali salama (Safe Mode) na kuandika verifier /reset.

Jibu, kutoka kwa kalamu_ya_usiku

Nawashukuru sana nyote. Faili za Minidump zilitaja majina tofauti: moja ilitaja draiva ya kadi ya picha, nyingine mfumo wa faili, nyingine ntoskrnl.exe. Niliondoa kwanza programu ya kuzuia virusi, na skrini ya bluu ikarudi kesho yake. Ndipo nikapima RAM. Vipande viwili vikiwa pamoja, makosa yalionekana mapema. Kile cha zamani peke yake hakikuonyesha kosa katika tundu lolote, ilhali kile kipya kilionyesha makosa katika matundu yote mawili. Nimekitoa, na tangu hapo kompyuta imetulia. Je, kuna jambo jingine ninalopaswa kufanya, au niendelee na kazi?

Jibu, kutoka kwa fundi_mtulivu

Umepima vizuri, na jibu ni bayana: tundu ni zima, kipande kipya ndicho kibovu. Kama bado kina dhamana, kirudishe pamoja na picha ya matokeo ya kipimo. Utakaponunua kingine, hakikisha ni cha kizazi kilekile, kwa kuwa DDR4 haiingii mahali pa DDR5, na ukipime kabla ya kukikabidhi kazi yoyote.

Sasa ndiyo wakati wa kutengeneza mfumo, kwa maana kuutengeneza RAM mbovu ikiwa ndani kungeweza kuandika uharibifu mpya juu ya ule wa zamani. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, endesha DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, kisha sfc /scannow, na mwisho chkdsk C: /f, inayorekebisha makosa ya mfumo wa faili kwenye diski.

Jambo linalonitia wasiwasi zaidi ni kazi zako za masomo. Kila faili unayoihifadhi au kuinakili hupitia kwenye RAM kabla ya kufika kwenye diski, kwa hiyo faili iliyoandikwa wakati ule inaweza kuwa imeharibika bila onyo lolote, na DISM na sfc hazitaligundua hilo kwa sababu hukagua faili za Windows peke yake. Fungua nyaraka muhimu ulizozihifadhi tangu ulipoongeza kile kipande, uzisome mpaka mwisho, na faili zilizobanwa za zip uzipime kwa kipimo kilichomo ndani ya 7-Zip. Kama una nakala za akiba za kabla ya hapo, usiruhusu nakala mpya zizifute mpaka uwe umemaliza ukaguzi huo.