Msaada: nafufua DT125 ya zamani, nina laki 4 tu, nianzie wapi?

Mlupembe
Wakuu, heshima kwenu. Baba mdogo kaniachia Yamaha DT125, ile ya tustroki (stroki mbili, inayochoma oili pamoja na petroli) inayopozwa kwa hewa. Alikuwa bwana shamba, aliinunua mnadani mradi ulipofungwa akaitembelea mpaka akastaafu. Imelala stoo miaka mingi. Kiki inashuka laini mno, nahisi kompresheni hakuna. Tanki lina kutu ndani, kabureta imeganda, wayaringi imeliwa na panya. Chesi ni nzima, haijawahi kuchomelewa popote.

Nipo Lupembe, Njombe. Masika huku boda za kawaida zinajaa tope kwenye madigadi mpaka tairi haligeuki. DT ina tairi la mbele la inchi 21 na digadi limekaa juu, inapita. Naitaka kwa kazi ya shamba la chai. Nina laki 4, na kila mwezi naweza kuongeza elfu 50 hivi. Fundi wa hapa anasema nifunge injini ya Kichina ya stroki nne. Nimsikilize?

kijana_wa_makete
Msikilize mkuu. Spea za Kichina zipo hadi duka la kijijini. Tustroki inakunywa petroli, na juu yake oili kila siku.

Fundi Spoku
Mlupembe, hapo nampinga mdau. Injini ya Kichina haikai kwenye chesi ya DT bila kukata na kuchomelea. Mstari wa cheni unapinda, na namba ya injini haitalingana na ya kwenye kadi. Laki 4 itaishia kwa mchomeleaji, na chesi uliyoisifia utakuwa umeiharibu.

Tustroki haina vavu za juu, haina kamshafti. Bloku unaivua barazani kwa spana za kawaida. Ukishaivua, pitisha ukucha kwenye ukuta wa silinda. Ukikwama kwenye mikwaruzo, silinda inatakiwa kuchongwa, yaani kupanuliwa ikae pistoni kubwa zaidi. Sasa sikiliza vizuri: NUNUA PISTONI KWANZA, halafu peleka bloku na pistoni yako kwa fundi wa leithi, achonge kwa kuipima hiyo hiyo. Pistoni ya kiwandani ni milimita 56, saizi za kuongeza zinapanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50 na kuendelea. Watu wanachonga kwanza, wanafika dukani saizi hakuna. Mwambie pia apunguze makali kwenye kingo za matundu ya silinda. Asipofanya hivyo, ringi zitanasa na kukatika.

Shika konrodi, ule mkono unaounganisha pistoni na krenki, uivute juu na chini. Ikicheza, beringi ya krenki imekwisha na bajeti yako itabadilika. Kucheza kidogo kushoto na kulia ni kawaida.

Usiache kubadili sili mbili za krenki hata kama zinaonekana nzima, maana mpira uliokaa miaka unakakamaa. Ya upande wa sumaku ikivuja, injini inavuta hewa, mchanganyiko unakuwa mwepesi (hewa nyingi, petroli kidogo), inachemka na pistoni mpya inanasa. Ya upande wa klachi ikivuja, inavuta oili ya gia na moshi mweupe hauishi. Pistoni nyingi zinalaumiwa bure, kumbe ni sili.

nyanda_za_juu
Kabla ya spana, kadi! Ya mnadani mara nyingi bado inasoma jina la mradi. Linganisha namba ya chesi na kadi, tafuta karatasi za mnada, kamilisha uhamisho TRA ndipo utoe hela.

chai_kericho
Salamu kutoka Kericho. Tanki usinunue, ndugu. Suuza petroli yote itoke, tia siki na kiganja cha nati ndogo, tikisa, acha ilale usiku mzima. Mwaga, suuza na maji yenye magadi soda, kausha juani, kisha zungushia oili kidogo ndani. Na usikubali makanika achomelee tanki lililokaa na petroli, mvuke wake unalipuka. Jeti za kabureta zizibue kwa uzi mmoja wa waya wa shaba. Sindano ya chuma inapanua tundu.

Mlupembe
Ahsanteni sana. Kadi iko kwa jina la baba mdogo, yupo hai na yuko tayari kusaini. Leo nimefungua: ukucha unakwama, konrodi haichezi juu na chini. Injini ya Kichina nimeachana nayo. Hela ikibaki nianze na rangi au tairi za kashata (zile za meno makubwa)?

Fundi Spoku
Rangi acha kabisa kwa sasa. Brek shuu mpya mbele na nyuma, kebo mpya ya breki ya mbele, beringi za magurudumu, ndipo tairi. Wayaringi ya kuwashia injini ni fupi, anza na hiyo, taa zifuate kabla hujaingia barabarani. Ekzosi ichome masizi yatoke, ikiziba nguvu haiji hata ufunge pistoni ya dhahabu.

Pampu ya oili, ile inayoipa injini oili yenyewe, usiiamini baada ya kulala hivyo. Tangi la kwanza changanya mwenyewe, mililita 40 za oili ya tustroki kwa kila lita ya petroli. Pampu itoe hewa, iangalie kama inasukuma kweli, ndipo urudi petroli tupu. Na kabla ya kununua pistoni, pima kipenyo cha silinda juu, katikati na chini, ulete vipimo hapa.